Majani ya mpera Mwanza: unga wa pakiti, fungu la kaki, chupa na mti wa uani

Ukizunguka Mwanza mjini kutafuta majani ya mpera utayakuta kwa sura tatu. Kuna unga wa kijani kwenye pakiti yenye lebo na picha ya pera lililopasuliwa. Kuna majani makavu mazima, ya fungu au ya mfuko wa kaki, kwa wauza viungo na dawa asili. Halafu kuna chupa ya nusu lita yenye maji ya kahawia, ambayo muuzaji atakwambia ni ya kunywa, ya kusukutua na ya kuotesha nywele, yote humo humo. Sura ya nne haiuzwi: ni mpera wenyewe, umejiotea nyuma ya choo au kwenye ufa wa mwamba, kuanzia Bwiru hadi Buhongwa, na anayeujua vizuri ni mtoto wa jirani.

Tumezipima zote nne kwa kazi zile zile ambazo watu huzinunulia: kuhara kwa kawaida, kusukutua kinywa, na chai ya wanaoangalia sukari. Majina ya watengenezaji hatuyataji, kwa sababu kasoro tulizokuta ni za aina ya bidhaa na si za mtu mmoja. Kwa aliye na haraka: unga acha. Majani mazima nunua, lakini yakague kwanza. Chupa usiiguse. Na kama una mpera usiopigwa dawa, hela hiyo kanunulie mapera yenyewe.

Unga wa pakiti

Tatizo la unga ni kwamba hauna sura. Jani zima la mpera linajitambulisha lenyewe: urefu wake ni kati ya sentimita 7 na 15, mishipa imetokeza upande wa chini hadi kidole kinaihisi, na ukilifikicha, hata likiwa kavu, harufu yake inatoka. Jani la mwembe ni refu, jembamba na laini, na harufu yake ni ya utomvu. Yakishasagwa yote mawili huwa vumbi la kijani, na unabaki kuamini lebo.

Yapo majaribio matatu ya nyumbani yanayosaidia. La kwanza, tia kijiko kimoja cha chai cha unga kwenye glasi ya maji baridi, koroga, acha dakika kumi. Unga halisi huelea kwanza, kisha huzama taratibu, na maji huanza kuwa ya manjano hafifu. Ukiona kijani kinatiririka mara tu unga unapogusa maji, kuna rangi iliyoongezwa. Mchanga nao hautajificha: inua glasi, tazama kitako, kisha sugua ile mashapo kati ya vidole. Pakiti moja tuliyopima ilikuwa na mchanga wa kutosha kukwaruza meno.

La pili ni rangi ya unga mkavu. Majani yaliyokaushwa kivulini na kusagwa huwa ya kijani kilichofifia, kama sare ya mgambo iliyofuliwa sana. Kahawia maana yake yamekaushwa juani au yamekaa mno dukani. Kijani cha kung'aa kama cha nguo ya sikukuu kisikufurahishe, jani kavu la mpera haliwi hivyo.

La tatu ni msumari. Pika chai ya unga huo, mimina nusu kikombe kwenye glasi, tumbukiza msumari wenye kutu, uache usiku kucha. Majani ya mpera yana tanini nyingi, yaani kile kinachotia ukakasi mdomoni, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi kama wino. Asubuhi chai ikiwa bado ina rangi yake ya jana, ulichonunua kina tanini kidogo sana, na tanini ni sehemu ya kazi ya jani hili tumboni. Tahadhari moja: majani ya chai ya kawaida nayo hutoa weusi huo huo. Kwa hiyo msumari unaweza kuumbua unga mbovu, ila hauwezi kuthibitisha kwamba unga mzuri ni wa mpera.

Kuhusu lebo: chai na vyakula husimamiwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mwaka 2019, kazi ilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Kikiuzwa kama dawa asili, kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Pakiti inayosema "huponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na uzazi" huku haina namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa wala kiasi cha kutumia, irudishe kwenye rafu. Orodha ya magonjwa ikiwa ndefu kuliko maelekezo ya matumizi, hapo pameandikwa tangazo.

Unga una faida moja tu ya kweli, kwamba hauhitaji kupondwa. Faida hiyo inalipwa kwa hasara: ukishasagwa hupoteza harufu haraka, na haukubali chujio la kawaida, hivyo unakunywa mashapo yanayokwama kooni.

Majani mazima ya kaki

Hapa ndipo hela inapata thamani yake, mradi ukague. Omba kufungua mfuko. Muuzaji anayekataa, mwache.

Chukua jani moja, likunje katikati. Linatakiwa livunjike kwa mlio. Likijikunja kama karatasi bila kuvunjika, bado lina maji, na wiki mbili baadaye mfuko utakuwa na ukungu. Angalia hasa ule mshipa wa katikati karibu na kikonyo, maana ndio hukauka mwisho. Wakaushaji wenye haraka hufunga mfuko jani limekauka pembeni huku mshipa bado mbichi. Ukungu huanzia hapo hapo, mweupe kama vumbi la unga, na ukiupuliza hautoki.

Kisha nusa. Kando ya ziwa hili ni jambo la lazima. Majani huanikwa popote penye nafasi, na nafasi nzuri ya kuanika karibu na mwalo ni ile ile ya dagaa. Jani linalokauka hunyonya harufu ya jirani yake, na hakuna mchemsho utakaoitoa. Yaliyoanikwa moja kwa moja juu ya mwamba nayo yana shida yake: mwamba wa Mwanza saa saba mchana ni kikaango. Jani hukauka kwa siku moja, huungua kingo, harufu huruka, na unabaki na kitu chenye ukakasi bila utamu wowote wa harufu.

Tazama na madoa. Madoa madogo ya rangi ya kutu juu ya jani ni ugonjwa wa kawaida wa mpera, na masizi meusi ni alama ya wadudu wanaofyonza. Jani moja moja si hoja. Nusu ya mfuko ikiwa hivyo, mchumaji alikwangua mti mzima bila kuchagua. Vijiti vikizidi robo ya mfuko, umenunua kuni.

Uliza pia yalikochumwa, ingawa jibu si lazima liwe la kweli. Mipera iliyo mipakani mwa mashamba ya pamba ya Misungwi, Kwimba na Magu hupata dawa ya wadudu inayopeperushwa na upepo wakati pamba inapopuliziwa. Mipera ya bustani za nyanya ni hivyo hivyo. Ile ya kandokando ya barabara kuu ina vumbi na moshi. Kwa sababu hiyo majani ya kununua yaoshwe haraka kwa maji baridi kabla ya kupikwa, hata kama muuzaji ameapa.

Chupa

Maji ya majani yaliyopikwa bila kihifadhi hudumu siku moja kwenye joto letu, siku mbili hadi tatu kwenye friji. Chupa iliyokaa mezani juani wiki nzima inachacha. Ukiona mapovu shingoni au utando juu, tayari imekwenda. Na isipochacha, ujue imetiwa kitu ambacho lebo haikukitaja. Kunywa maji hayo kwa ajili ya kutibu kuhara ni kulipia kuhara kwingine.

Habari za nywele zinatoka mitandaoni. Jani la mpera linakaza ngozi na kupunguza mafuta, basi kichwa kinahisi kisafi. Kuotesha nywele ni hadithi nyingine, na haijathibitishwa.

Mti wa uani na namna ya kupika

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Acha yale majani mawili ya ncha kabisa yaendelee kukua. Chukua majani ya tatu hadi ya sita kutoka kwenye ncha ya tawi, ambayo yamekomaa lakini bado yanapinda bila kukatika. Majani mazee ya chini ni magumu na machafu zaidi.

Ya kutumia mabichi: majani 10 ya ukubwa wa kati kwa nusu lita ya maji. Yaoshe, yachane kwa mkono vipande vitatu au vinne, tia kwenye maji baridi, weka jikoni. Yakianza kuchemka punguza moto, funika, acha dakika 10 hadi 15. Epua, acha dakika 5 zaidi yakiwa yamefunikwa, chuja. Unapata kama vikombe viwili vya rangi ya shaba. Yakiwa makavu, kijiko kimoja cha chakula cha majani yaliyovunjwavunjwa kwa kikombe kimoja cha maji, muda ule ule.

Kipimo chako ni ulimi. Chai sahihi huacha ukakasi mdogo pembeni mwa ulimi, kama ndizi isiyoiva vizuri, kisha hupotea. Ikikukausha mdomo mzima umepitiliza ama majani ama muda, na chai kali kupita kiasi huchafua tumbo tupu na kufunga choo. Ongeza maji, usiongeze sukari.

Sufuria ina neno lake. Tumia ya stili au ya enameli isiyobanduka. Ya chuma, au ya enameli iliyolika hadi kutu inaonekana, itakupa chai nyeusi, yaani lile jaribio la msumari unalifanya bila kukusudia. Ya alumini nayo tunashauri iachwe kwa kupikia vitu vyenye ukakasi au ndimu.

Ya kukausha: tandaza safu moja juu ya chekeche au chandarua safi kilichoinuliwa, kivulini penye upepo, geuza kila siku. Kiangazi cha Juni hadi Agosti siku nne hadi saba zinatosha. Wakati wa mvua usijaribu, unyevu wa ziwa utakushinda. Kilo moja ya mabichi hubaki theluthi moja au pungufu. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, gizani, na usivunje majani mpaka siku ya kuyapika. Miezi sita yanatosha. Baada ya hapo bado yana rangi, ila hayana kazi.

Jani linafunga, tunda linafungua

Hili ndilo wauzaji hawalisemi, pengine kwa sababu hawalijui. Jani na tunda la mti mmoja hufanya kazi zinazopingana.

Tanini ya jani hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye chakula na kuyazuia yasiingie mwilini. Mjamzito, mama aliyetoka kujifungua, mtoto, au yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu, akishushia ugali wa udaga (muhogo uliovundikwa) na maharage kwa chai ya majani ya mpera, anajipunguzia damu kwa mkono wake. Kwao chai hii si kinywaji cha kila siku, na ikibidi, ikae mbali na mlo na vidonge vya kuongeza damu kwa saa mbili. Mjamzito amwulize kwanza muuguzi wa kliniki.

Tunda linafanya kinyume. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C, wakati chungwa lina kama 53. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga za majani na maharage. Kwa hiyo pera moja baada ya mchicha au matembele linafanya kazi ambayo kikombe cha majani kingeiharibu.

Kwa upande wa sukari, mambo yanageuka tena. Japani, chai ya majani ya mpera iliruhusiwa mwaka 2000 kuuzwa kama chakula chenye manufaa kwa wanaojali sukari yao baada ya kula. Inafanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya vinavyovunja wanga tumboni, ndiyo maana hunywewa pamoja na chakula. Kuinywa saa tatu kabla ya kula, au usiku wakati wa kulala, ni kupoteza majani. Haiponyi kisukari. Anayetumia vidonge vya kushusha sukari asiongeze chai hii kimya kimya, maana viwili vikishusha kwa pamoja anaweza kutetemeka na kutoka jasho njiani. Apime, amwambie daktari wake, na kidonge asikiache.

Kuhara: chai ina mpaka

Majani ya mpera yana kwasetini, ambayo hutuliza msukumo wa utumbo, na tanini inayokaza ukuta wake. Utafiti wa Meksiko uliotumia vidonge vya majani haya ulionyesha kwamba maumivu ya tumbo ya kuhara hupungua muda wake. Kwa mtu mzima mwenye kuhara kwa kawaida, kikombe kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku mbili hadi tatu, kina sababu.

Lakini anayehara huuawa na upungufu wa maji, na chai hii hairudishi chumvi. ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ndiyo ya kwanza. Ikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Mtoto apewe na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajatimiza miezi sita. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe chai ya majani yoyote, aendelee kunyonya.

Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usichume jani, nenda kituo cha afya. Kipindupindu hakisubiri maji yachemke. Kikiwa na damu, vivyo hivyo. Na kwa sisi wa ziwani kuna jambo la ziada: kichocho cha tumbo kimeenea ukanda huu, na damu kwenye choo ya mara kwa mara kwa mtu anayeoga, kufua au kuvua ziwani inahitaji kipimo na vidonge vya praziquantel. Chai ya mpera itatuliza tumbo kwa siku mbili, minyoo itaendelea na ini lako.

Kusukutua ni rahisi zaidi. Chai ile ile ikiwa ya uvuguvugu, nusu kikombe, sekunde 30, mara mbili kwa siku, kwa fizi zinazovimba na vidonda vidogo mdomoni. Temea. Ikitumika wiki nyingi meno hupata rangi. Jino lililotoboka haliwezi kuzibwa na jani.

Mapera yenyewe

Tunda ndilo bidhaa bora kuliko zote nne, na ndilo linalodharauliwa. Ukinunua kwa sado, usikubali kumiminiwa bila kuona ya chini. Pera zuri ni la manjano hafifu, linabonyea kidogo karibu na kikonyo, na harufu yake inakufikia kabla hujaliinua. Tazama vidoa vidogo kama vilivyochomwa na sindano: hapo nzi wa matunda ametaga, na funza watakuwa ndani hata kama ngozi inang'aa. Lipasue mara mbili kabla ya kuuma. La kijani na gumu lina tanini kama jani lake na hufunga choo, hasa kwa watoto wanaokula mengi kwa mkupuo.

Usilimenye. Vitamini C imejaa kwenye ganda na nyama iliyo karibu nalo. La ndani jekundu lina na ile rangi ya nyanya, laikopini, ambayo jeupe halina kwa kiasi hicho. Jeupe mara nyingi ni tamu zaidi. Chagua kwa ulimi wako.

Juisi: kilo moja ya mapera yaliyoiva, maji ya kunywa lita moja na robo. Kata vipande, saga kwenye blenda kwa mikupuo mifupi ya sekunde tano, mara nne au tano tu. Ukiiachia blenda izunguke, mbegu hupasuka, juisi inakuwa na mchanga na uchungu, na chujio haliutoi. Chuja, kamulia ndimu nusu, kunywa siku hiyo hiyo. Kuchemsha juisi, kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji ili ikae muda mrefu, kunaipunguzia ile ile vitamini unayoilipia.

Jemu haina haja ya unga wowote wa kugandisha, kwani pera lina pektini yake. Changanya mapera yaliyoiva na machache yasiyoiva sawasawa, kama robo ya jumla, maana hayo ndiyo yenye pektini nyingi. Chemsha na maji ya kufunika tu kwa dakika 25, pitisha kwenye chujio kuondoa mbegu. Kila kikombe cha rojo, robo tatu ya kikombe cha sukari na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu. Pika moto wa wastani ukikoroga kwa mwiko mrefu, kwa sababu rojo hii hurusha matone yanayounguza kama uji wa harusi. Dondosha tone kwenye kisahani baridi, lisukume kwa kidole: likikunja uso, epua. Likitiririka, dakika tano zaidi. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, na ujaze hadi karibu na mdomo, maana hewa inayobaki juu ndiyo inayoleta ukungu.